Mkia wa Pwitu

"Jamani, hadithi iko mlangoni!"

"Ifungulieni, iingie!"

Hapo zamani za kale palikuwa na ndege mdogo, jina lake Pwitu. Mgongo wa kijani, kifua cha manjano hafifu, miguu kama nyuzi. Kila mwaka baridi ilipoanza kwao kaskazini, aliruka milima, akaruka bahari, akaruka jangwa, mpaka kwenye mgunga wa Shangazi Kinyonga. Hapo wadudu walijaa tele, na tawi moja Shangazi alimwekea yeye tu.

Mwaka huo alifika amekonda, mbawa zinamuuma. Loo! Kwenye tawi lake amekaa Chiriku, amejisugua majani mpaka amekuwa kijani.

"Shangazi, Pwitu ndimi," akasema Chiriku.

"Mwongo! Pwitu ni mimi!" Pwitu alijua akifukuzwa hapo, hana nguvu ya kutafuta mti mwingine. Atakufa njaa.

Kinyonga akazungusha macho, moja huku, moja kule.

"Jicho la kulia linasema huyu. La kushoto linasema yule. Mtanipofusha nyie! Geukeni."

Wakageuka. Rangi moja.

"Imbeni."

"Huu-witi!" "Huu-witi!" Chiriku kwa kuiga hajambo! Sauti moja.

"Basi simameni tuli, niwatazame vizuri."

Pwitu moyo ukamlipuka. Mkia wake! Tangu kinda haukuwahi kutulia, na kwao walimcheka. Akaubana kwenye gome, ukachomoka. Akaukunja, ukakunjuka. Akaukalia, ukamrusha! Chwi, chwi, chwi, chini juu, chini juu.

Chiriku alikuwa tuli kama jiwe. "Shangazi, hebu mwone! Mkia umeingiwa na sisimizi!"

Mgunga mzima ukacheka. Pwitu akafumba macho kwa aibu.

Kinyonga alicheka mpaka akawa mwekundu, akawa bluu, akawa madoadoa.

"Ni huo huo! Huo ndio ulionimwagia umande kichwani kila asubuhi mwaka jana! Karibu nyumbani, mwanangu!"

Chiriku naye akaanza kutikisa mkia wake. Akatikisa, akatikisa, akatikisa, akateleza, pwaa, topeni! Kijani chote kikamtoka.

Pwitu akala viwavi mpaka akacheua, na mkia ukicheza.

Basi, wenzangu, kile kidogo unachokionea haya, usikifiche. Huenda ndicho wanachokutambulia wanaokupenda.

Hadithi yangu imeruka, imetua kwenu. Ikitikisa mkia, msiushike!