Ubeleko wa Sindano

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mwaitikia kama mlionyimwa chakula? Paukwa!
Pakawa!
Basi pakawa uwanja kando ya bahari, wenye upepo wa baridi na ukungu. Hadithi yangu leo ni chungu. Asiyeitaka akalale.

Hapo kale Mwanatumu alitaka mwembe uwanjani mwake. Akapanda Dodo. Kipupwe kikaja, Dodo akafa. Akapanda Boribo. Kipupwe kikaja, Boribo akafa. Akapanda Sindano, yule wa embe ndogo zenye nyuzi ambazo hakuna amwekeaye mgeni. Kipupwe kikaja, Sindano akasimama.

Siku ya kuchuma, Mwanatumu alionja embe moja, akatema nyuzi. Akaenda kwa jirani, akarudi na kijiti cha Boribo na kisu.

"Sindano, nataka nikubebeshe Boribo. Mizizi iwe yako, embe ziwe zake."

Sindano akamjibu, "Bibi, aliyebeba mwana mgongoni, siku ya harusi ya mwana huyo hupewa nguo ya ubeleko. Ubeleko wangu uko wapi?"

"Wataka nini?"

"Tawi moja. Niachie tawi moja tu, lizae embe zangu."

Mwanatumu akaapa. Akamkata kichwa, akambebesha.

Boribo akazaa. Wageni wakala, wakamsifu Boribo. Chini ya kovu Sindano akachipua tawi lake. Jirani akasema tawi hilo lamnyonya Boribo, Mwanatumu akalikata. Mwaka wa pili likachipua. Mumewe, Shekuwe, akasema lawatia aibu mbele ya watu, akalikata. Mwaka wa tatu likachipua, na hakuna aliyesema neno. Mwanatumu akalikata kwa mazoea tu. Hapo ndipo mimi hupandwa na hasira.

Kipupwe kikaja kikali kuliko vyote. Ukungu ukaunguza majani yote ya Boribo. Boribo akalia, akamwomba Sindano amshike.

"Nikushike kwa nguvu gani?" Sindano akamuuliza. "Mizizi hula kwa majani, na mimi jani langu halipo hata moja."

Mwanatumu akapiga magoti, akamsihi achipue, akaapa kwamba safari hii hatakata.

"Nimechipua mara tatu, bibi. Ya nne sina."

Akakauka, yeye na mwana wake wa mgongoni. Mwanatumu alilia mpaka sauti ikamkauka, na machozi hayakuotesha kitu.

Yangu yameishia hapo. Ukimbebesha mwenzio, mpe ubeleko wake angali ana mgongo. Mimi nilipita pale kuomba embe, nikapewa kuni, nazo ndizo hizi tunazoota moto wake.