Kamera Inayosubiri Tabasamu

— Paukwa?
— Pakawa.
— Pakawa nani?
— Useme wewe, sisi tumeshakaa.

Basi kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kutafuna.

Alikuwapo Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, na pango lake la mawe alimozaliwa. Siku moja kaenda kuchuma majani. Kurudi, kamkuta Fisi kajilaza ndani, mke wa Pimbi na watoto wametupwa juani. Pimbi alilia. Kisha akaenda kushtaki kwa Mzee Nyani, mwenyekiti wa baraza.

Nyani akajikuna, akasema, "Ijumaa kila mtu alete ushahidi."

Pimbi hana hati. Fisi naye hana, ila ana jeuri. Akanunua kamera mpya, ndogo kama kipande cha sabuni, ajipige picha mlangoni mwa pango, baraza limwone kuwa ndiye mwenye nyumba.

Fisi akabonyeza. Pii. Akatazama: goti lake. Akabonyeza tena. Pii. Akatazama: kidole chake. Akabonyeza kwa hasira. Pii, pii. Akatazama: wingu. Makucha makubwa, vitufe vidogo, kila akigusa kimoja anabonyeza vitatu. Na kitabu cha maelekezo alishakila, kilinukia gundi.

Pimbi alikuwa juu ya jiwe, anaona yote. Roho ilimchemka, lakini sauti akailainisha.

"Bwana Fisi, nikushikie?"

"Shika. Ukiiangusha nakutafuna."

Pimbi, kwa vidole vyake vidogo, akabonyeza kitufe kimoja tu, kile cha video. Taa nyekundu ikawaka.

"Tabasamu, bwana. Kamera hii haipigi mpaka mtu afurahi."

Fisi akatoa meno.

"Imekataa. Hayo ni meno, siyo furaha."

Fisi akatoa meno tena, mpaka ya nyuma.

"Imekataa. Hebu kumbuka jambo lililokufurahisha kweli, ulitaje, uso ufunguke wenyewe."

Fisi akafikiri. Uso ukamlegea. "Nafurahi," akasema, "nikikumbuka nilivyomburuta mkeo kwa mguu kumtoa kwenye pango lenu hili. Alivyolia. He he hee."

Pimbi akabonyeza kitufe kile kile, taa nyekundu ikazimika.

"Hapo sasa umetoka vizuri," akasema. "Usiiguse tena, utaifuta."

Ijumaa Fisi akaibeba mwenyewe barazani, kajipaka mafuta. Nyani akabonyeza. Fisi wa kwenye kamera akaanza kusema. Baraza zima likasikia "pango lenu hili", na ile he he hee. Fisi wa barazani akang'aka kwamba kamera ni mbovu, atairudisha dukani.

Jioni ile watoto wa Pimbi walilala kwao. Kamera Nyani aliizuia, eti kielelezo. Kila asubuhi anajipiga nayo picha, na ukimpelekea shauri lako, sharti uzitazame zote kwanza, uzisifu.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyesinzia asimsumbue jirani. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukimpora mtu nyumba yake, piga picha umenuna.