Donge la Kwanza la Shimo la Ilopa

Hapo zamani, na si zamani sana, maana kompyuta zilikuwepo na nyingine zilishazeeka, wafinyanzi wa Ilopa walikaribia kunyang'anywa shimo lao la udongo. Kampuni moja ililitamani. Serikali ikasema: mwenye pingamizi alitume kwenye tovuti kabla jua la Ijumaa halijazama. Tovuti yenyewe haikukubali simu.

Kikundi chao cha wanawake kilikuwa na kompyuta moja ya mezani. Wakaiwasha. Waya wa mtandao ulifika, lakini kivinjari chake cha kale, ile programu ya kufungulia tovuti, kikaonyesha ukurasa mweupe, basi. Mwenyekiti wa kijiji, Mwaisumo, mtunza mashine hiyo, ambaye alikwisha kunywa soda za kampuni, akasema, "Mashine ya kikundi haiwekewi kitu kipya. Nendeni mkafinyange."

Hawakwenda.

Bupe, mmoja wao, akapanda kilimani, ambako simu yake ilishika mtandao. Akapakua kivinjari kipya kabisa, akashuka, akakihamisha kwa waya. Kompyuta ikakikataa, ilikuwa imezeeka mno. Akapanda tena. Cha pili kilikuja na kitufe kinachometameta: pakua sasa, bure, haraka! "Kinachonibembeleza hivi kina lake jambo," akasema, akakiacha. Akasoma, akachagua kingine, chepesi, kutoka kwa watengenezaji wenyewe, kinachokubali mashine za kale. Akashuka nacho.

Kompyuta ikadai nywila ya mwenyekiti. Subilaga, mkewe, aliijua, kwa kuwa mumewe huitamka kwa sauti kila anapoiandika. Akaibonyeza mbele ya watu.

"Leo usirudi nyumbani kwangu!" Mwaisumo akafoka kutoka uani.

"Nyumba niliikandika mimi, kwa udongo wa shimo hilohilo," Subilaga akajibu. "Utahama wewe."

Kivinjari kikaanza kujisakinisha, polepole, kinajikokota. Mwaisumo akaja mbio kuchomoa waya wa umeme. Lakini mbele ya kompyuta alikuwa ameketi Atupele, mke wa mwanawe. Na kwao, baba mkwe hakai chumba kimoja na mke wa mwanawe. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye hukimbia kujificha. Siku zote Atupele alikimbia. Siku hiyo hakukimbia.

"Baba, mimi nimo humu," akasema bila kugeuka, "na sitoki."

Mwaisumo akakwama hapo, mguu mmoja juu ya kizingiti, mguu mmoja nje.

Kivinjari kikafunguka. Pingamizi likaenda, jua likingali juu ya mlima. Shimo likabaki la Ilopa.

Sasa, Ilopa shimo likifunguliwa baada ya mvua, donge la kwanza hupewa mwanamke mmoja aliyewafaa wenzake, na chungu chake huitwa kwa jina lake.

Bupe akasema, "Ningechagua vibaya, tungemkaribisha mwizi ndani ya kompyuta. Donge ni langu."

Subilaga akasema, "Bila nywila, kivinjari chako kingebaki mlangoni. Nyinyi mlirudi makwenu mkacheka. Mimi mpaka leo sisalimiwi kwangu. Donge ni langu."

Atupele akasema, "Mimi niliiacha adabu niliyofunzwa, kijiji kizima kikitazama. Nitazeeka nayo aibu hiyo, na sijutii. Donge ni langu."

Nyuma ya ukuta Mwaisumo akadakia, "Na mimi je? Ningevuka kizingiti, leo mngekuwa na shimo gani? Aliyeheshimu desturi ni mimi!"

Wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu. Atupele peke yake hakucheka.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Msiniambie ligawanywe, donge likigawanywa halitoshi chungu. Na msinong'one, wale hawakunong'ona. Je, nani alistahili?