Siwa Iliyolambwa

Haya, sogeeni. Mmesogea? Basi palikuwa na Sultani mpenda kukopa, na mpiga siwa wake, Shekuwe. Siwa ni baragumu ya enzi: ikilia, mji mzima huitika.

Ghala lilipobaki tupu, Shekuwe alipuliza siwa kuomba mkopo, zimwi likashuka mlimani na mtama tele.

“Ulipwe lini?” Shekuwe akauliza.

“Haraka ya nini? Mwenye sauti kama hii namwamini,” zimwi likasema. Likailamba siwa, likaenda zake.

Mara ya pili siwa ilikwaruza. Zimwi likaleta nusu ya mtama, likailamba tena, safari hii kwa muda mrefu.

“Maulana, hili zimwi linakula kitu chetu,” Shekuwe akanong’ona.

“Acha roho mbaya! Tunakopeshwa kwa sababu tunaaminika.”

Mara ya tatu njaa ilikuwa kali. Shekuwe akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Siwa kimya. Zimwi halikuja.

Ndipo sauti ya siwa ikasikika ikilia kule mlimani, tumboni mwa zimwi. Watu wakaitika kama walivyozoea, wakabeba majembe, wakapanda mlima kulilimia zimwi. Sultani aliwaita mpaka akapwelewa sauti, na hakuna aliyegeuka.