Sindano ya Iyunga

Watu wa Iringa walimtambua Stipe Lučanin kwa mwendo wake kabla hawajauona uso wake. Alichechemea akiuburuta mguu wa kulia, na penye ngazi aliteremka ubavuubavu kama kaa, mkono mmoja umeshika ukuta. Wageni walidhani alipata ajali ya gari. Wenyeji walijua kuwa ni mpira.

Huko kwao Kroatia, katika mji mmoja wa pwani, Stipe alikuwa na jina. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya meli. Mwanawe alipoanza kuchezea timu ya wakubwa, hata ndevu hazijamjaa, mafundi wenzake walitoka kazini na mavazi yao ya masizi wakaenda moja kwa moja uwanjani kumtazama. Alikuwa beki wa kati. Alipaa hewani kama kipanga, na mshambuliaji aliyejaribu kumpita mara moja hakuthubutu tena. Magazeti yakaanza kuandika kwamba timu ya taifa haitachelewa kumwita.

Ikaja fainali ya kombe. Goti lake lilikuwa limevimba kama boga. Daktari mzee wa klabu alimwambia apumzike, kwani akicheza atajuta. Stipe hakutaka kusikia. Alimtafuta mtu mwingine wa kumchoma sindano ya ganzi, akacheza hadi kipenga cha mwisho, akabebwa mabegani kama mfalme. Asubuhi yake alishindwa kushuka kitandani. Kano za goti zilikuwa zimekatika. Kwa kuwa hakusikia maumivu, alikuwa amelitumia goti bovu kana kwamba ni zima. Akapasuliwa, akarudi uwanjani, akaumia tena. Klabu ikamwacha. Akahamia timu ndogo, kisha ndogo zaidi, Slovenia, Hungaria, Kupro, hadi msimu mmoja ukaanza na hakuna timu yoyote iliyompigia simu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini, na watu walikwisha kuanza kumtaja kama marehemu: alikuwa beki mzuri sana.

Padri mmoja wa kwao, aliyehudumu Nyanda za Juu Kusini, ndiye aliyemwita aje kuwafundisha mpira vijana wa misheni. Stipe alikuja kwa mwaka mmoja, akabaki. Alijifunza Kiswahili, akaizoea baridi ya Iringa, akamwoa Yudith Luvanda, mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa Kilolo. Baadaye timu ya Udzungwa Stars ikampa ukocha.

Yudith alikuwa na mdogo wake wa mwisho, Silvester. Baba yao alipofariki, mama yao, Marta, alimleta kijana huyo Iringa yeye mwenyewe, akiwa amebeba kuku na gunia la viazi.

"Mkwe wangu," alisema, "mimi ni mkulima, mpira siujui. Lakini huyu hali wala halali kwa ajili ya huo mpira. Basi ni wako sasa. Mtunze."

Stipe alimtunza kweli. Alimfundisha kupokea mpira kwa kifua, kujificha nyuma ya beki, kupiga bila kuinua macho. Kila kitu ambacho goti lilimnyang'anya alikimimina kwa kijana yule, kama mtu amwagiliaye mche mmoja uliobaki baada ya moto. Silvester alikua, akawa mshambuliaji ambaye watu wa Iringa walimtaja kwa jina la kwanza tu. Wachezaji walipolalamika juu ya majeraha, Stipe hakuwakaripia. Aliwaambia, "Maumivu ni mlinzi wa nyumba. Ukimfukuza mlinzi, mwizi ataingia." Nao walimwamini, maana walimwona anavyotembea.

Mwaka huo Udzungwa Stars walifika pale ambapo hawakuwahi kufika: mechi mbili za mchujo dhidi ya Loleza United ya Mbeya, mshindi apande Ligi Kuu. Mechi ya kwanza, Iringa, ilikwisha sare bila bao. Dakika za mwisho Silvester aligongana na beki, akatoka akishikilia goti.

Siku zile simu ya Stipe ililia kutoka mbali. Alikuwa mwandishi wa gazeti la mji wake. Amesikia, alisema, kuwa yule beki waliyemsahau anakaribia kuipandisha timu huko Afrika. Akishinda, ataandika habari yake ukurasa mzima. Stipe alikata simu, akawaza nyumbani kwao. Baba yake alikuwa bado hai, mzee sasa, akiishi peke yake katika nyumba ile ile. Kwa miaka mingi mzee hakuwa amekuta jina la mwanawe gazetini. Tangu saa ile tamaa ilimwingia Stipe kama mchwa aingiavyo kwenye boriti: nje hakuonekana kitu, ndani anakula.

Walisafiri hadi Mbeya wakafikia nyumba ya wageni Iyunga, kando ya barabara kuu, malori yaendayo Tunduma yakinguruma dirishani. Asubuhi ya mechi, tabibu wa timu, Obeid, alimlaza Silvester kitandani akalibonyeza goti lake taratibu. Kijana aliuma meno.

"Kocha, limejaa maji," Obeid alisema. "Na ndani kuna kitu kimelegea. Huyu hachezi."

Ravi, mwenyekiti wa timu na mwenye duka la vifaa vya ujenzi Iringa mjini, alikuwa amesimama mlangoni. Alitikisa kichwa kwa huzuni, lakini hakusita.

"Basi hachezi. Tukishindwa tutajaribu tena mwakani. Mimi nauza saruji na mabati, kocha. Nyumba ikianguka nitakuuzia ujenge nyingine. Goti la mtu sina."

"Ni kweli," Stipe alijibu. "Hachezi."

Yudith naye alipiga simu kutoka Iringa. "Mume wangu, Silvester anaendeleaje? Mama ana wasiwasi."

"Hachezi leo. Mwambie mama atulie."

"Asante. Wewe ndiye unayeijua hatari yake kuliko sisi sote."

Stipe aliposema kuwa kijana hachezi, alikuwa bado anamaanisha. Lakini baada ya chakula cha mchana Silvester aliingia chumbani kwake, akafunga mlango.

"Shemeji, nichezeshe."

"Goti lako ni bovu."

"Na lako lilikuwaje siku ya fainali? Dada alinisimulia. Ulichomwa sindano ukacheza mpaka mwisho. Nichome na mimi."

"Alikusimulia na yaliyofuata?"

Silvester aliinamisha kichwa. "Alinisimulia. Lakini ni mechi moja tu, shemeji. Moja tu, halafu nitapumzika hata mwaka."

Mechi moja tu. Hata Stipe alikuwa amesema hivyo hivyo, kwa lugha ya kwao, kwa yule daktari mzee. Alimtazama kijana aliyesimama mbele yake, mwenye nguvu kama mwanzi mbichi, na alijua kabisa jibu lililompasa. Ulimi wake ulikuwa tayari kulitamka. Kisha akaliona akilini gazeti mezani kwa baba yake.

"Ngoja hapa," alisema. "Usimwambie Obeid."

Alivuka barabara hadi kwenye duka la dawa, akarudi na kichupa cha dawa ya ganzi na bomba la sindano. Hakuwa daktari. Alichokijua ni kile alichokiona kwenye goti lake mwenyewe, tena na tena, katika vyumba vya kubadilishia nguo vya timu ndogo ndogo zilizokuja baada ya fainali ile. Alipangusa ngozi kwa kitambaa, akatafuta pembe ya mfupa kwa kidole gumba. Silvester alifumba macho kwa imani, kama mtoto anayetolewa mwiba.

Baada ya muda kijana alisimama, akaruka mara mbili, akacheka. "Shemeji, sisikii kitu!"

"Najua," Stipe alisema. Hakucheka.

Obeid alipoliona jina la Silvester kwenye kikosi, alimfuata Stipe hadi pembeni mwa uwanja. "Kocha, asubuhi hata kukunja goti hakuweza. Umemfanya nini?"

"Amepata nafuu. Nenda kakae."

"Wewe ndiye uliyetufundisha habari ya mlinzi na mwizi," Obeid alisema, akaenda kukaa mwisho wa benchi, mbali naye.

Mechi ilikuwa ngumu. Upepo kutoka mlimani ulirusha vumbi machoni, na mashabiki wa Mbeya walipiga kelele bila kupumzika. Katikati ya kipindi cha pili mpira mrefu ukaja. Silvester akaupokea kwa kifua, akajificha nyuma ya beki, akapiga bila kuinua macho. Wavu ukatikisika. Uwanja ukanyamaza, isipokuwa kona moja waliyokaa watu wa Iringa. Stipe alipiga magoti kwenye nyasi akalia kwa furaha.

Wangeweza kumtoa hapo. Obeid alisimama, akaonyesha kwa mikono kwamba mchezaji abadilishwe. Stipe alimwona, akageuza uso.

Muda mfupi baadaye Silvester aliufukuzia mpira, akageuka ghafla, na goti likageukia upande wake peke yake. Hakuna aliyemgusa. Alianguka, kisha, kwa kuwa hakusikia maumivu, akainuka na kukanyaga tena. Mguu ukapinda nje kama tawi lililovunjika likabaki linaning'inia kwa gome. Mashabiki wa Mbeya wenyewe walipiga ukunga, wakafunika macho. Silvester alibaki ameketi, akiuangalia mguu wake kwa mshangao.

"Shemeji," aliuliza Stipe alipomfikia, "mguu umefanya nini?"

Udzungwa Stars walishinda. Wachezaji walisherehekea kidogo, kisha wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, wakaondoka uwanjani kama watu watokao mazikoni.

Yudith, aliyekuwa akisikiliza mechi redioni Iringa, alipanda basi la kwanza la asubuhi. Alimkuta mumewe kwenye korido ya hospitali. Stipe aliinuka, akainua mikono kumpokea. Yudith alisimama mbali.

"Uliniambia hachezi," alisema. Akampita, akaingia wodini.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Kano zingeweza kushonwa, madaktari walisema, lakini goti lilianza kutunga usaha. Homa ilipanda, Silvester akaweweseka, akiita pasi. Daktari wa upasuaji alitoka akiwa na hasira.

"Uchafu umeingia ndani ya kiungo kwa sindano. Nani amelichoma goti hili?"

Obeid alimtazama Stipe. Ravi, aliyekuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa, alimtazama Obeid, kisha naye akamtazama Stipe.

"Mimi," Stipe alisema.

Ravi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Timu imepanda, kocha," alisema mwishowe, "lakini wewe huendi nayo." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Mwandishi wa kule kwao alipiga simu kumpongeza. Stipe aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza.

Maisha ya Silvester yaliokolewa, lakini kiungo kilikuwa kimeliwa. Mguu ulipona ukiwa umenyooka na mgumu kama mchi, nao hautakunjika tena. Walimpeleka Kilolo kwa mama yake, Yudith akachukua likizo akaenda kumuuguza. Stipe alikaa Iringa peke yake majuma kadhaa, nyumba ikimzomea kwa ukimya wake. Kisha akakata shauri, akaenda Kilolo.

Aliukuta ua umejaa majirani. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na watu walikuwa wamebanana barazani, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na chupa ya maziwa. Kila aliyeingia alimshika Silvester mkono, "Pole sana, kijana wetu." Alimshika Marta, "Pole, mama." Alimshika Yudith, "Pole, mwalimu." Kisha alimfikia Stipe, aliyekalishwa kwenye benchi karibu na mlango. "Kamwene," alimsalimia kwa adabu ya Kihehe, akapita. Hakuna aliyemtukana. Walimpa chai kama wengine. Neno moja tu ndilo walilomnyima, na kadiri watu walivyozidi kuingia ndivyo alivyozidi kulisikia likipita juu ya kichwa chake kwenda kwa mwingine.

Wageni walipopungua, alipiga goti lake zima mbele ya Marta.

"Mama, nisamehe. Sili, silali. Na mimi nimeumia, mama. Mimi pia nimepoteza kila kitu."

Marta alimtazama bila chuki. Macho yake yalikuwa yamekauka.

"Inuka, utauumiza huo mguu," alisema. "Mwanangu nampa pole, alikuwa mdogo mbele ya mkubwa wake. Binti yangu nampa pole, alidanganywa. Hata mimi wananipa pole, nilimkabidhi mtoto kwa mtu niliyemwamini. Lakini wewe, mkwe, sindano ile uliijua tangu ujana wako. Ilikufukuza kwenu, ikakuleta mpaka kwetu. Sisi hatukuijua. Wewe ulivuka barabara ukaenda kuinunua. Nikikupa pole, nitakuwa nakupa ya nini?"

Stipe alimgeukia mkewe. Yudith alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mdogo wake, akimkanda mguu usiokunjika, na hakuinua uso. Silvester naye alikuwa amegeukia ukutani. Alikuwa ameacha kuzungumzia mpira. Siku hizo alikuwa ameacha kuzungumza karibu kabisa.

Stipe aliinuka kwa taabu, akaaga, akaitikiwa, akatoka mvuani. Njia ya kwenda barabarani ilikuwa mteremko wenye utelezi. Alishuka ubavuubavu, akianguka na kuinuka, matope yakimjaa mikononi. Kinamama waliokuwa wakirudi kutoka shamba la viazi walisimama pembeni wakampisha. Mmoja alifungua kinywa, kama afanyavyo mtu yeyote wa huku amwonapo mwenzake ameanguka. Mwenzake alimvuta kanga, akamnong'oneza jambo, naye akakifunga.

Sindano iliingia katika goti la mwingine, lakini mkono ulikuwa wake, na ujuzi ulikuwa wake. Ndiyo maana katika milima ile yote, ambako hata mgeni aliyejikwaa barabarani hutupiwa neno la faraja, hakupatikana mtu wa kulisema kwa ajili yake: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.