Fimbo ya Babu Nsolezi na Sahani ya Maharage

Hapo zamani, si zamani sana maana bodaboda zilikuwa zimeshafika, palikuwa na watu wa kilima cha Lugeze wenye dini yao wenyewe. Mwasisi wake alikuwa Babu Nsolezi. Siku yake ya mwisho kuonekana alisukuma pembeni sahani ya maharage, akashika fimbo yake, akasema, "Nitarudi. Atakayenipokea vyema nitamwachia fimbo hii awaongoze." Akapotelea kwenye ukungu.

Wafuasi wakakaa kikao siku tatu. Kwa nini aliisukuma ile sahani? Wakaafikiana kwamba maharage ni mwiko, na atakayeyala atafukuzwa kilimani. Miaka sabini ikapita. Mimi na wewe tungeshasahau, wao hawakusahau.

Sasa, mpishi wa nyumba yao ya ibada aliitwa Semeni, na Semeni alikuwa mla maharage. Tena si kidogo. Aliyapika nyumbani kwake, kwa nazi, mlango umefungwa na udi unafuka dirishani kuua harufu. Miaka kumi na mmoja. Kila alipokutana na Mzee Kisoma, Mlinzi wa Mwiko, aliyezunguka akinusa masufuria ya watu, alijua leo ndiyo leo. Angefukuzwa angekwenda wapi? Alizaliwa hapo, na wanawe wanne walizaliwa hapo.

Ikafika sikukuu ya kumngoja Babu. Mchana, bodaboda ikamshusha mzee mmoja langoni, kofia ngumu kichwani na fimbo mkononi.

"Karibu mgeni," akasema Mzee Kisoma. "Leo kuna pilau."

"Pilau sitaki. Nataka maharage."

"Hapa hayaliwi. Babu Nsolezi aliyakataa."

"Babu Nsolezi ni mimi."

"Basi kama ni wewe, unajua hayaliwi."

 Lango likafungwa, mgeni akakaa chini kwenye jiwe, akavua kofia.

Chedieli, kiongozi wa kwaya, alikuwa akipita na aliyasikia yote hayo. Akaona sikio la kushoto limekatika ncha, kama la Babu kwenye picha ya ukutani katika nyumba ya ibada. Hakumwambia mtu. Alipandisha kanzu yake nyeupe hadi magotini, akatimua mbio mpaka sokoni, akasema mbele ya umati, "Nipimie kilo mbili za maharage." Watu wa Lugeze waliokuwapo wakashika vichwa.

Semeni yeye hakuliona hilo sikio. Aliona mzee amekaa peke yake juani.

"Shikamoo, babu. Umekula?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tangu jana sijala. Nataka maharage tu."

Semeni akatazama huku na huku, akamvuta kwa njia ya uani hadi nyumbani kwake, akampakulia maharage. Mzee akala sahani ya kwanza. Akala ya pili. Ya tatu akaomba na pilipili.

"Babu, nakuomba usinitaje," akasema Semeni. "Wakijua, nimekwisha."

Mzee akarudi langoni, mchuzi kidevuni, na kumbe Chedieli ameshafika na mfuko wake, anahema, anawaonyesha watu lile sikio. Picha ikaletwa, ikalinganishwa. Kilima kizima kikapiga magoti.

"Babu," mtu mmoja akauliza, "na ile sahani uliyoisukuma?"

"Siku ile tumbo lilikuwa linaniuma."



Kisha Babu akainua fimbo. "Nani amenipokea vyema?"

Chedieli akasema, "Mimi. Ndimi pekee niliyekujua. Nimejiaibisha mbele ya soko zima kwa ajili yako."

"Mabichi hayo," akasema Babu. "Yanataka saa tatu jikoni."

Mzee Kisoma akasema, na machozi yakamtoka, "Mimi. Hakuna aliyeyapenda maharage kuliko mimi. Tangu ujana wangu sijaonja hata punje, kwa ajili yako. Nilikufukuza kwa neno lako mwenyewe."

Semeni alitaka kunyamaza. Angenyamaza, asingejulikana kamwe. Akaitazama fimbo, akajikuta amesimama.

"Mimi. Aliyemlisha ni mimi. Nayapika miaka kumi na mmoja."

Minong'ono ikazuka. "Hakukupikia wewe," akasema Mzee Kisoma. "Alijipikia yeye, akitucheka sote. Wala hakujua wewe ni nani."

"Kweli nilijipikia," akasema Semeni. "Lakini aliyeshiba ni yeye."

Babu Nsolezi akawatazama mmoja mmoja. Akakuna lile sikio. "Mimi nilikuja na njaa," akasema. "Sikuja kuamua kesi." Akaiegemeza fimbo langoni, akavaa kofia, akapanda bodaboda, akaenda zake.

Fimbo ipo pale pale hadi leo. Maharage ya Chedieli yalipikwa, yakaiva, yakaliwa, Mzee Kisoma akaongezwa mara nne, na ubishi haukuisha.

Haya, ninyi mliokaa kimya mkinisikiliza. Mmoja alilishika neno akamnyima chakula mwenye neno. Mmoja alimtambua, akamletea mabichi. Mmoja alimshibisha bila kumjua, kwa chungu cha kujificha. Mimi nimeshagombana na mke wangu juu ya jambo hili, na sirudi nyumbani bila jibu. Je, fimbo ile ilikuwa haki ya nani?