Kiboko na Ushindi Wake Tisa

Hapo zamani za kale, wanangu, viboko walipokuwa bado wanavaa viatu vya mpira, wanyama wa bonde moja walicheza ligi. Kiangazi kilikuwa kikali na kisima kilikuwa kimoja tu. Wakakubaliana: timu itakayoongoza ligi itatangulia kunywa maji mpaka mvua irudi.

Kila mmoja alijichagulia wapinzani. Kiboko akawachagua akina Konokono. Puu! Mabao arobaini. Akawachagua akina Jongoo, ambao hawakufika uwanjani kwa kuwa walikuwa bado wanafunga kamba za viatu. Akacheza na Vifaranga, nao wakamlilia mama yao hata kipenga hakijalia. Mechi tisa, ushindi tisa!

Pimbi, yule mdogo akaaye majabalini na mkewe na watoto saba, alichelewa kuchagua. Akabakiwa na Nyati, Simba, Tembo na wenzao. Akawapita chini ya matumbo, chwi! chwi! Akashinda mechi sita, akapoteza tatu, akarudi nyumbani anachechemea.

Bi Korongo, mwandishi na mwamuzi wa ligi, akasoma: "Wa kwanza, Kiboko! Wa nane, Pimbi!"

"Shikamoo, Bi Korongo," Pimbi akasema, koo limemkauka. "Mbona hukutazama tumecheza na nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nahesabu ushindi tu."

"Ho! ho! ho!" Kiboko akacheka. "Ushindi ni ushindi! Hata ukilifunga jiwe, umeshinda!"

"Hata jiwe, Bwana Kiboko?"

"Hata jiwe!"

"Jamani, mmemsikia?"

"Tumemsikia!" wanyama wakaitikia.

Pimbi akawatazama wanawe wakilamba midomo mikavu. Moyo ukamuuma, kisha akili ikamchekea.

Kesho yake asubuhi akapanga mawe kumi na moja uwanjani. Fyuuu! kipenga kikalia. Pimbi akafunga bao, akafunga la pili. Mara mpira ukagonga jiwe la kati, ti! ukamrudia usoni.

"Beki huyu mkali!" Pimbi akalalamika.

Bi Korongo akalionya jiwe kwa kadi ya njano. Jiwe halikubisha.

Baada ya Mawe wakaja Visiki. Baada ya Visiki wakaja Maboga, ambao kipa wao alipasuka. Mwisho wakaja Vyungu. Jua lilipofika utosini, Pimbi alikuwa na ushindi kumi.

"Wa kwanza, Pimbi!" akatangaza Bi Korongo.

"Ati nini?" Kiboko akanguruma, vumbi tifu! "Huo si ushindi! Mawe hayakimbii! Maboga hayana miguu! Lazima utazame mtu amecheza na nani!"

Nyuma kabisa, Konokono akatoa pembe zake polepole. "Samahani, Bwana Kiboko. Na sisi tuna miguu mingapi?"

Wanyama wakaangua kicheko hata Twiga akalazimika kukaa chini.

Bi Korongo akafuta orodha yote, pamoja na Mawe na Maboga, akaandika upya akipima uzito wa kila mpinzani. Aliyewashinda Nyati, Simba na Tembo akawa wa kwanza. Kiboko akawa wa mwisho, nyuma ya Jongoo.

Watoto saba wa Pimbi wakainamisha vichwa kisimani, gubi! gubi! gubi! na baba yao akasubiri washibe ndipo naye akanywa.

Basi wanangu, sifa ya mshindi hupimwa kwa aliyeshindwa.